Kitanda haikimbiake

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Luvungi. Kamati iliomba yaandikwe kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Kamati iliniambia niseme dakika ishirini juu ya ile kazi ya mbao tunayofanya kila siku ya posho nyuma ya ofisi. Wengine mumekwisha kuiona. Wengine mumesikia tu makelele ya nyundo na kuuliza kama tunajenga kanisa. Hapana, hatujengi kanisa. Tunatengeneza viti, meza na vitanda vya nyumba zetu wenyewe. Leo nitaeleza namna ilivyoanza, kile tulichojifunza, mahali tulipogombana, na kitu ninachokuja kuwaomba.

Nianze na hesabu ya vitu. Sote tunakumbuka siku ya kuvuka. Wengine walitoka Burundi wakapitia Kavimvira. Wengine walitoka Tanzania, Nyarugusu ama Lugufu, wakapanda mashua Kigoma. Kila familia ilipokea vitu vyake: shitingi, mablanketi, kirago, bidoni, sufuria, sabuni, chandarua, jembe. Muangalie ile liste vizuri. Kila kitu ndani yake kinakunjika, ama kinabebeka kichwani. Meza hakuna. Kiti hakuna. Kitanda hakuna. Sisemi ni kosa la mtu, lori iko na nafasi yake. Lakini miaka inapita, na nyumba nyingi ninazoingia kwa kazi yangu bado ziko na vitu vya kukunja tu.

Kuna mama mmoja hapa kwetu. Jina lake sitalitaja, yeye mwenyewe alinipa ruhusa ya kusema habari yake. Nilifika kwake kwa ripoti. Nyumba nzuri, mabati mapya, na msimu ule mchele wake ulikuwa umeuzwa vizuri. Ndani, kirago. Tukakaa chini, mimi na kalamu yangu. Nikamuuliza vile tulivyofundishwa kuuliza: "Mama, na kitanda je? Ni franga zinakosa?"

Akacheka. Akaniambia: "Mwana wangu, franga iko. Kitanda haikimbiake."

Kisha akaeleza. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha ndoa. Mwaka 1996 walikiacha ndani ya nyumba, na waliporudi hata mlango haukuwepo. Wakanunua cha pili. Mwaka 1998 vita ikaanza tena, nacho wakakiacha. Kirago kilikimbia pamoja nao mara zote mbili, na kilirudi pamoja nao. Ndiyo maana anakiamini kirago.

Nilifunga daftari langu. Ningemjibu nini? Kwamba haitatokea tena? Mimi si Mungu, wala si jenerali. Mtu aliyezaliwa huku Plaine hawezi kumuahidi mtu wa Plaine neno kama hilo.

Lakini sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu kirago nacho kiko na bei yake. Huku bondeni malaria haichukui likizo. Chandarua juu ya kirago hakikai sawasawa. Pembe zake zinatoka, kinakokotwa chini na kupasuka, na mtoto akigeuka mguu wake unagusa wavu, basi mbu anamuuma akiwa nje. Mvua ikinyesha, chini kunatoa baridi. Panya wanapita. Funza wanaingia vidoleni. Kitanda chenye nguzo nne kinainua mtu kutoka chini, kinashika chandarua kwa juu, na pembe zake unazichomeka chini ya godoro. Si mambo ya utajiri hayo. Ni mambo ya afya.

Jibu la yule mama halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mzee mmoja fundi, mwanachama wetu, aliyefanya kazi ya mbao miaka mingi kambini Tanzania. Nilimwelezea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi tumutengenezee kitanda yenye kukimbia."

Nilifikiri ni mchezo. Haikuwa mchezo. Alichukua kijiti akachora chini. Miguu minne. Kichwani na miguuni, mbao zimeungwa moja kwa moja. Lakini zile mbao mbili ndefu za kando hazina musumari hata mmoja wala kole. Mwisho wa kila ubao umechongwa ulimi. Ulimi unapita ndani ya tundu la mguu mpaka unatokea upande wa pili, vidole vinne hivi. Pale unapotokea, unatobolewa tundu dogo, na ndani yake inapigwa kabari ya mbao ngumu. Kabari inavuta, na kitanda kinakaza kuliko cha misumari. Ukitaka kukifungua, unapiga kabari kutoka chini mara mbili, mara tatu, basi. Na pa kulalia si mbao. Ni mianzi iliyopasuliwa na kufungwa kwa kamba, mmoja mmoja. Unaikunja kama kirago.

Yule mama alipoona ile mianzi inakunjwa, hakuuliza kitu kingine. Alisema tu: "Kabari munafanya ngapi?" Nne, mama. "Mufanye sita. Mbili za akiba."

Hivyo ndivyo siku ya posho ilianza. Watu wanne, kisha tisa, sasa tunafika zaidi ya ishirini siku nyingine, na wengi ni bamama. Mwanzoni kuna wanaume waliosimama njiani na kucheka mwanamke anayeshika randa. Sasa wake zao wanarudi nyumbani na kiti.

Nami pia nilijifunza pale, na nilijifunza kwa haya. Mimi nilisoma ISDR Bukavu, maendeleo ya vijijini. Nilijiona ninajua kupanga kazi. Mbele ya kuwasikiliza mafundi, nilijitengenezea kiti cha miguu minne nyumbani kwa mbao za mkaratusi zilizopasuliwa juma lile lile. Nikapiga misumari, nikapaka verni, kikang'aa. Siku ya mungu bamukwe wangu akaja kutusalimia. Nikampa kile kiti, kwa heshima. Alikaa. Alipoinama kuchukua sahani ya ugali, kiti kikafungukia pande zote nne. Mzee chini, sombe juu yake. Mke wangu alikimbilia jikoni, mpaka leo sijui kama alikuwa analia ama anacheka. Bamukwe alisimama, akapangusa suruali, akaniuliza pole pole: "Na ile diplome yako, uliipiga pia na misumari?"

Nilimpelekea fundi vipande vyake. Alinionyesha makosa, na ndiyo masomo tunayofundisha sasa. Nitayataja, kwa sababu wengi munataka kujaribu nyumbani.

La kwanza, mbao mbichi. Mkaratusi ukiwa mbichi umejaa maji. Ukikauka unapungua na kujipinda, na tundu la musumari linalegea. Mbao zikishuka kutoka Lemera ama milimani, usizipige kazi siku ile. Zipange juu ya mawe, zisiguse chini. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja, kijiti juu ya kijiti, kwa mstari. Juu kabisa weka mawe mazito. Mahali pawe kivuli chenye upepo, si jua kali. Mwisho wa mbao paka rangi ya zamani ama chokaa nzito, kwa sababu ubao unaanza kupasuka kutokea mwisho. Mafundi wanahesabu karibu mwaka mmoja kwa ubao mgumu wa unene wa sentimita 2.5. Sisi hatuna subira ya mwaka, lakini angalau ungoje kiangazi kimoja chote.

La pili, musumari ulioingia mwisho wa ubao haushiki vizuri, kwa sababu unafuata nyuzi za mti badala ya kuzikata. Ndiyo sababu ulimi na tundu ni bora. Kama unapiga musumari karibu na ukingo, gonga kwanza ncha yake kwa nyundo iwe butu kidogo. Musumari wenye ncha kali unasukuma nyuzi na kupasua ubao. Ule butu unazivunja na kupita. Kwa mkaratusi mkavu, toboa kwanza.

La tatu, anza na kiti cha miguu mitatu. Hakiyumbi hata sakafu ikiwa ya udongo wenye mashimo. Chenye minne, mmoja ukikosea kidogo tu, kinacheza. Na kuna akili moja ya zamani: kikalio kiwe cha mti wenye ubichi kidogo, na miguu iwe mikavu kabisa. Kikalio kikikauka, tundu linajifunga juu ya mguu na kuukamata. Huhitaji hata kole. Lakini kwa kitanda cha kabari fanya kinyume: mbao zote ziwe kavu, la sivyo hutaweza kukifungua siku unayotaka.

La nne, kipimo. Kiti sentimita 42 mpaka 45. Meza sentimita 75. Kama huna ekeri, chukua kamba: pima sentimita 30 upande mmoja wa pembe, 40 upande wa pili, na kutoka alama mpaka alama iwe 50. Ikiwa 50, pembe yako iko sawa. Ukimaliza fremu, pima kutoka pembe mpaka pembe kwa kukatisha, kote mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, kitanda hakikupinda.

La tano, mchwa. Weka miguu juu ya mawe bapa, ama ndani ya mikebe yenye mafuta ya moteri yaliyotumika. Lakini yale mafuta usiyapake mezani, wala mahali mtoto anapoweka ngozi yake. Ni sumu.

Basi. Sasa nifike mahali tulipogombana, maana sikuja hapa kuwaonyesha sura nzuri tu.

Munajua kuna vijana wetu sita waliosoma kazi ya mbao katika mradi uliotangulia. Walipewa vyombo, walifungua ateliye kando ya barabara kubwa. Tulipoanza siku ya posho, mmoja wao alisimama katikati ya kikao akasema: "Munatufundisha kazi, kisha munafundisha kila mutu kujifanyia mwenyewe. Sisi tutakula nini?"

Kulikuwa kimya. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tungeweza kumjibu kwa maneno ya mradi, lakini maneno ya mradi hayapiki sombe. Tulikaa nao, tukafungua daftari lao la komandi. Tuliona kwamba kazi kubwa yao ni milango, madirisha, mbao za paa, kabati, fotei za wale wanaotaka salon, na, tuseme ukweli, masanduku ya maiti. Hayo hakuna mama atakayejifanyia siku ya posho. Mtu anayekaa juu ya bidoni hakuwa mteja wao, hajawahi kwenda kwao. Lakini viti vidogo na vitanda vya bei ya chini walikuwa wanauza, na pale wamepoteza. Hilo siwezi kulificha mbele ya wafadhili wala mbele yao.

Tulikubaliana hivi. Wawili wao, kwa zamu, ndio wanaofundisha kila siku ya posho, na wanalipwa kutoka michango ya wanaojifunza. Pia wao ndio wanaouza mbao zilizokaushwa vizuri na kuchonga zile tundu ngumu kwa asiyeweza. Inaenda, si vibaya. Lakini wakati wa njaa, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, michango inakauka, na vijana wanafundisha bila kitu. Hiyo haiko sawa, na nitarudi hapo mwisho.

Niruhusuni kutoka Luvungi kidogo. Kulikuwa na fundi mmoja wa michoro huko Italia, Enzo Mari. Mwaka 1974 alichora meza, viti, vitanda na kabati ambazo mtu yeyote anaweza kuzitengeneza kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari. Hakuuza ile michoro. Aliyetaka alimwandikia barua na kulipa bei ya posta tu, akatumiwa. Wazo lake halikuwa kuua kazi ya mafundi. Alisema mtu akijitengenezea meza moja kwa mikono yake, atajua kuangalia meza yoyote dukani na kujua kama ni ya kweli ama ni ya udanganyifu. Miaka arobaini baadaye, huko Berlin, vijana wakimbizi kutoka Afrika ya Magharibi, waliovuka bahari wakafikia Lampedusa, walianza kutengeneza viti vya michoro hiyo hiyo katika kikundi kilichoitwa Cucula. Mari mwenyewe aliwapa ruhusa kutengeneza na kuuza. Viti vingine waliingiza ndani yake vipande vya mbao za mashua zilizovunjika kule Lampedusa.

Nilipowasomea bamama habari hii, mmoja alisema: "Kumbe na huko wako na kabari yao." Nafikiri alielewa kuliko mimi.

Neno lingine ni juu ya miti. Tusijidanganye, Plaine yetu haina msitu. Kila ubao unaoshuka ni mti ulioanguka mahali fulani, na tuko pamoja na makala katika kugombania miti ile. Mwaka 2020 Uvira iliona maji ya Mulongwe yakibeba nyumba, na kila mtu anajua milima iliyonyolewa haishiki maji. Kwa hiyo kamati imeweka sheria: anayetengeneza kitanda kimoja anapanda miti mitano na kuilinda mpaka iwe mikubwa. Mkaratusi usipandwe karibu na chemchemi wala karibu na mifereji ya mchele, unakunywa maji mengi. Kwenye mipaka ya shamba pandeni grevilea, inatoa mbao nzuri na haisumbui mimea sana. Miti hiyo haitakuwa mbao kesho. Mtoto anayelala leo juu ya kitanda cha mianzi ndiye atakayeikata.

Sasa maombi yangu. Ni matatu.

Kwa wanachama. Kese nyekundu ya mutuali yetu ni ya magonjwa na misiba. Isiguswe kwa ajili ya mbao, hata kwa siku moja. Kuna wanaotaka kukopa kese ya kijani kununua fotei za salon ili wageni wakiingia waone mtu amefika. Ninawaomba: mkopo wa kijani uende kwenye mbegu na biashara, na kiti ukitengeneze mwenyewe. Deni la fotei linakaa nyumbani kuliko mgeni.

Kwa kamati. Vyombo ni vya mutuali, si vya mtu. Tuko na daftari la kutoa na kuingiza, lakini randa moja ilitoka mwaka uliopita na mpaka leo haijarudi. Sitauliza jina hapa. Irudishwe usiku, mlango wa ofisi unajua kunyamaza.

Kwa wafadhili. Musitutumie viti. Musitutumie meza za plastiki. Kama munataka kusaidia, mutusaidie kwa vitu viwili. Kwanza vyombo vya kunolea: tupa za misumeno na mawe ya patasi, maana msumeno usiokata unamvunja moyo mwanafunzi siku ya kwanza. Pili, mujaze kese ya bluu kiasi cha kuwalipa wale vijana wawili ile miezi ya njaa. Si pesa nyingi. Lakini bila hiyo, tutakuwa tumewanyang'anya wateja na kuwaomba watusaidie bure. Ninaomba mkutano upige kura juu ya jambo hili leo, mbele ya kula.

Nimalize na yule mama. Usiku mmoja, si zamani, tulisikia risasi upande wa milima. Munakumbuka, hakuna aliyelala. Asubuhi nilipita kwake kumsalimia. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa. Mbao zimefungwa kwa kamba kando ya mlango, mianzi imekunjwa juu yake, na kabari sita ziko ndani ya kitambaa, kimefungwa kiunoni mwake. Watoto walikuwa wamevaa viatu. Hatukusema mengi. Alinipa chai.

Jioni kukawa kimya. Nilipopita tena, nilisikia nyundo. Alikuwa anapiga kabari, moja, mbili, tatu, nne. Akaniona dirishani akasema: "Ingia, usisimame. Kiti iko."

Nikakaa. Kilikuwa cha miguu mitatu, na hakikuyumba.